Vijana wa vyama vya kihafidhina wanaunganishwa na nini?

Katika Kiswahili chetu cha siasa, kumwita mtu mhafidhina ni kumtukana kidogo. Tanzania iliporudi kwenye vyama vingi mwaka 1992, wahafidhina walikuwa wale wazee wa CCM walioonya kwamba mageuzi yatatuletea vurugu. Neno likabaki na maana hiyo: mtu aliyeng'ang'ania ya zamani, asiyeambilika. Ndiyo maana wengi hushtuka wakisikia kwamba chama cha Tanzania kilichomo kwenye umoja wa dunia wa vyama vya kihafidhina si CCM. Ni CHADEMA. Chama kinachopigania katiba mpya na mabadiliko ya mfumo kimekaa kwenye familia moja na Conservative ya Uingereza na CDU ya Ujerumani.

Mshtuko huo una sababu, na nimeona watu wakiutumia vibaya pande zote mbili. Kuna wanaosema ni ushahidi kwamba wapinzani ni vibaraka. Wengine wanajibu kwamba uanachama huo ni jina tu, hauna maana yoyote. Ukweli hauko kwenye jibu lolote kati ya hayo. Ili kuuona, inafaa kuanzia kwa vijana, kwa sababu kwenye vyama hivi uhusiano wa nchi na nchi huanza kusukwa watu wakiwa na miaka ishirini na kitu, muda mrefu kabla hawajawa mawaziri.

Umoja wenyewe unaitwa IDU, yaani Umoja wa Kidemokrasia wa Kimataifa. Ulizinduliwa London mwaka 1983, na waliokuwepo si watu wadogo: Margaret Thatcher wa Uingereza, Helmut Kohl wa Ujerumani Magharibi, Jacques Chirac wa Ufaransa, na George Bush mkubwa, wakati huo makamu wa rais wa Marekani. Tangu 2018 mwenyekiti ni Stephen Harper, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Kanada. Barani kwetu kuna tawi lake, Umoja wa Kidemokrasia wa Afrika, ambamo chama cha NPP cha Ghana ni mmoja wa wakubwa. Jumuiya ya vijana ya IDU inaitwa IYDU, nayo imekuwa katika sura yake ya sasa tangu 1991. Wanachama wake ni jumuiya za vijana za vyama. Kijana mmoja mmoja hajiungi. Hufika pale akiwa ametumwa na jumuiya yake.

Lakini IYDU ilichelewa sana. Vijana wa kisoshalisti walikuwa na umoja wao wa kimataifa tangu 1907, ulioanzishwa Stuttgart. Shirikisho la vijana lililokuja kuongozwa na wakomunisti liliundwa London mwaka 1945. Waliberali wakafuata mwaka 1947. Wahafidhina walikuwa wapi?

Walikuwa nyumbani, na hapo ndipo lilipo fundo lenyewe. Msoshalisti anaamini kwamba mfanyakazi wa bandari ya Hamburg na wa bandari ya Mombasa ni ndugu hata kama hawajawahi kuonana. Kwake kuvuka mpaka ni sehemu ya imani. Mhafidhina anaanzia mahali pengine kabisa: nchi yangu, dini yangu, familia yangu, desturi nilizozikuta. Kwetu kuna methali inayobeba itikadi yake yote kwa maneno manne, mwacha mila ni mtumwa. Mila za nani, basi? Za Mkatoliki wa Bavaria au za Mwanglikana wa Kent? Za mfalme wa Sweden au za Asantehene, mfalme wa Waashanti, wa Kumasi? Watu ambao kila mmoja anatukuza cha kwao wanapata wapi cha pamoja cha kukijadili ukumbini?

Jibu la kwanza lilitoka kwa adui. Mwaka 1959 tamasha la dunia la vijana na wanafunzi, ambalo hadi wakati huo lilikuwa likifanyika katika nchi za kikomunisti, lilifanyika Vienna, katikati ya Ulaya isiyo ya kikomunisti. Wanafunzi wa mrengo wa kulia wakaona kwamba wenzao wa kushoto wana lugha moja, mikutano na fedha, na wao hawana kitu. Mwaka 1961, mwaka uleule ukuta wa Berlin ulipojengwa, wanafunzi wa Kijerumani na wa nchi za Skandinavia walianzisha umoja wao. Leo unaitwa EDS, yaani Wanafunzi wa Kidemokrasia wa Ulaya. Baadaye kidogo, mwaka 1964, jumuiya za vijana za vyama nazo zikaunda umoja wao wa Ulaya, DEMYC. Hofu ya Moscow ndiyo iliyowakutanisha, na kwa miaka thelathini ilitosha.

Jina la umoja wa wanafunzi linasimulia mambo mengi. Mwanzoni ulikuwa wa wanafunzi Wakristo-demokrasia na wahafidhina, maneno mawili yamewekwa pamoja kwa sababu hakuna upande uliokubali jina la mwenzake. Mwaka 1975 yote mawili yakaondolewa, wakabaki wanafunzi "wa kidemokrasia" tu. Ni rahisi kudhani walikuwa wanaficha kitu. Mimi nadhani walikuwa wakweli kuhusu tofauti zao. CDU ya Ujerumani ilijengwa baada ya vita na Wakatoliki na Waprotestanti waliotoka kwenye magofu ya Hitler, na wanajua vizuri kwamba waliomfungulia Hitler mlango wa ikulu mwaka 1933 walikuwa wahafidhina wa wakati ule. Kwao neno hilo lina doa. Mwingereza hana kumbukumbu hiyo. Kwake Conservative ni jina la heshima la chama cha babu yake. Neno "demokrasia" lilikuwa mahali pekee ambapo wote wangeweza kusimama, na ndilo lililorithiwa na IDU na IYDU. Ukiona jina la umoja wa kimataifa halisemi itikadi yake waziwazi, mara nyingi ni kwa sababu wenyewe hawajaafikiana.

Na hawajaafikiana hadi leo. Chukua ndoa ya watu wa jinsia moja. Sweden ilipoihalalisha mwaka 2009, waziri mkuu alikuwa Fredrik Reinfeldt wa chama cha Moderate, mwanafamilia kamili wa kambi hii, na chama chake kiliunga mkono. Uingereza ilifuata mwaka 2013 chini ya David Cameron wa Conservative. Ghana, bunge lilipopitisha Februari 2024 muswada mkali wa kupinga mapenzi ya jinsia moja, wabunge wa NPP na wa upinzani walikuwa pamoja kuuunga mkono. Kijana wa Stockholm na kijana wa Kumasi wanaweza kukaa jirani kwenye kikao kimoja, wote wakijiita wa mrengo wa kulia, na wakiguswa jambo hilo wasielewane hata kidogo. Kwa hiyo haliguswi sana. Maazimio hukimbilia yale yasiyo na mgogoro ndani ya chumba: soko huria, haki ya kumiliki mali, uchaguzi wa haki, wafungwa wa kisiasa wa Cuba, Venezuela au Belarus.

Maazimio hayo, kusema kweli, hayasomwi na wengi. Kazi yenyewe iko kwingine.

Kikao cha jumuiya hizi kina ratiba inayofahamika: kupokea wanachama wapya, wengine kama watazamaji kwanza; kuchagua viongozi; kupitisha maazimio; kusikiliza wageni, mbunge mmoja au wawili wa chama mwenyeji. Pembeni kuna semina za kampeni. Humo ndimo kijana anapojifunza jinsi ya kugawa wapigakura kwa makundi, kubisha hodi nyumba kwa nyumba, kuandika hotuba ya dakika tatu, kuchangisha fedha kwa watu wenye kipato kidogo. Ufundi huu hauna bendera, na ndiyo maana unavuka mpaka kirahisi kuliko itikadi. Mbinu iliyofanya kazi Oslo inaweza kujaribiwa Accra bila mtu kubadili imani yake.

Kisha kuna urafiki. Carl Bildt aliongoza umoja wa wanafunzi wa Ulaya katikati ya miaka ya 1970, akiwa kijana wa miaka ya ishirini. Mwaka 1991 akawa waziri mkuu wa Sweden, na baadaye msuluhishi wa kimataifa kwenye vita vya Bosnia. Reinfeldt niliyemtaja alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa YEPP, jumuiya ya vijana ya vyama vya kulia na kati vya Ulaya, ilipoanzishwa 1997. Miaka tisa baadaye naye akawa waziri mkuu. Watu hawa walipoingia kwenye vyumba vya Umoja wa Ulaya hawakukuta wageni tu. Walikuta baadhi ya watu waliokuwa wamegombana nao juu ya koma za azimio fulani miaka ishirini nyuma. Siasa za kimataifa zina itifaki nyingi, lakini namba ya simu ya mtu anayekufahamu tangu ujana hufanya kazi ambayo barua ya ubalozi haiwezi.

Ni kwa sababu hii jumuiya nyingi zina ukomo wa umri mrefu. Junge Union ya Ujerumani, iliyoundwa mwaka 1947 na inayohudumia vyama viwili ndugu vya CDU na CSU, inampokea mtoto wa miaka 14 na kumwachia akiwa na 35. Ni umri uleule Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unaomalizia ujana. Miaka ishirini na moja ya kukutana na watu ni mtaji mkubwa.

Sasa, nani analipia? Hapa nawaomba wasomaji waache hasira kwanza tuangalie mifuko ilivyo. Ada za wanachama ni kidogo na hazitoshi hata kulipia ukumbi. Ulaya kuna Mfuko wa Vijana wa Baraza la Ulaya, ulioanzishwa 1972 huko Strasbourg, ambao hutoa fedha kwa jumuiya za vijana za mirengo mbalimbali. Kuna vyama vya ngazi ya Ulaya, ambavyo tangu 2004 vinapata ruzuku kutoka bajeti ya Umoja huo. Halafu kuna taasisi zilizo karibu na vyama: Konrad Adenauer ya Ujerumani, yenye ofisi Dar es Salaam na Nairobi, IRI ya Marekani, iliyo karibu na chama cha Republican, iliyoanzishwa 1983, na Westminster ya Uingereza ya mwaka 1992. Hizi hazitumii hasa fedha za vyama. Hutumia fedha za walipakodi, zinazopitia serikali zao. Na wa mrengo wa kushoto wana za kwao. Friedrich Ebert iko Dar es Salaam vilevile.

Kwa hiyo anayesema "vijana hawa wanalipiwa tiketi na wazungu" hajakosea kuhusu tiketi. Swali linalobaki ni kama mwenye kulipia tiketi ndiye anayeandika ajenda. Jibu langu ni kwamba si lazima, lakini imewahi kutokea, na ilitokea vibaya sana hapahapa Afrika. Kisa hicho kinastahili kusimuliwa kwa utulivu.

Jack Abramoff aliongoza College Republicans, jumuiya ya wanafunzi wa chama cha Republican cha Marekani, kuanzia 1981 hadi 1985. Katika kipindi hicho alifika Afrika Kusini na kufahamiana na wanafunzi wa mrengo wa kulia wa huko. Ilikuwa miaka ambayo Tanzania imewapa vijana wa ANC ardhi ya Mazimbu, Morogoro, wakajenga shule yao, na vijana waliokimbia Soweto walisomea pale. Kwa Mtanzania wa wakati huo mshikamano wa kimataifa wa vijana ulikuwa na anwani, na anwani yenyewe ilikuwa Mazimbu.

Juni 1985 mshikamano mwingine ukafanyika Jamba, kusini-mashariki mwa Angola, kwenye makao makuu ya msituni ya waasi wa UNITA wa Jonas Savimbi. Abramoff, akiwa na miaka 26, alikuwa miongoni mwa waandaaji, chini ya taasisi ya tajiri mmoja wa New York, Lewis Lehrman. Walikusanywa wawakilishi wa vikundi vilivyokuwa vikipigana na serikali zilizoungwa mkono na Moscow: Wakontra wa Nikaragua, mujahidina wa Afghanistan, wapiganaji wa Laos, na wenyeji wao UNITA. Barua ya Ronald Reagan ilisomwa. Wakauita umoja wao wa kidemokrasia, neno lilelile. UNITA wakati huo ilikuwa inasaidiwa na jeshi la makaburu. Mwaka huohuo bunge la Marekani likafuta sheria ya 1976 iliyokuwa imezuia msaada wa kivita Angola, na Januari 1986 Savimbi akapokelewa na Reagan Washington. Vita ya Angola haikwisha mpaka Savimbi alipouawa Februari 2002.

Siwezi kusema mkutano mmoja wa msituni ndio uliorefusha vita hiyo. Nguvu zilizokuwepo zilikuwa kubwa kuliko wanafunzi. Lakini kuna kipande cha pili. Mwaka 1986 Abramoff alianzisha taasisi iliyoitwa International Freedom Foundation, yenye ofisi Washington, Johannesburg na miji ya Ulaya, ikichapisha majarida na kupiga vita ANC kwa jina la uhuru. Mwaka 1995 gazeti la Newsday la Marekani lilifichua kwamba fedha zake nyingi, hadi dola milioni 1.5 kwa mwaka, zilitoka kwenye idara ya ujasusi ya jeshi la Afrika Kusini. Maofisa wa zamani wa makaburu walithibitisha. Wengi waliofanya kazi humo upande wa Marekani walisema hawakujua.

Naamini baadhi yao kweli hawakujua, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Kijana anayepanda ndege kwenda kuzungumzia uhuru, asiyejua nani kamlipia, anaweza kuwa msemaji wa watu ambao angewachukia angewajua.

Turudi leo, maana kambi yenyewe imepasuka. Adui wa Moscow alipotoweka, kila mmoja alikumbuka kwamba mila zake si za mwenzake. Mwaka 2009 Conservative ya Uingereza ilijitoa kwenye kundi kubwa la kulia na kati katika Bunge la Ulaya na kuunda lake, na vijana wakagawanyika pamoja na wazee wao. Fidesz ya Hungary ni mfano wa ajabu zaidi. Ilianza 1988 kama chama cha vijana watupu, huruhusiwi kujiunga ukizidi miaka 35, ikawa ya kiliberali, ikahamia familia ya kulia na kati mwaka 2000, ikajitoa 2021, na mwaka 2024 ikawa miongoni mwa waanzilishi wa kundi la wazalendo wakali katika Bunge la Ulaya. Serikali yake iliipa taasisi ya elimu ya Mathias Corvinus asilimia 10 ya hisa za kampuni mbili kubwa za nchi hiyo, ya mafuta na ya dawa, ili kulea kizazi cha wasomi wa mwelekeo huo. Hakuna jumuiya ya vijana ya chama chochote yenye uwezo unaokaribia huo.

Ujerumani mpasuko uko wazi kabisa. Junge Union haina ushirikiano na vijana wa AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia. Jumuiya ya zamani ya AfD ilitajwa na idara ya usalama wa ndani kuwa ya msimamo mkali, ikavunjwa Machi 2025, na Novemba mwaka huo nyingine ikaundwa mjini Gießen. Wakati huohuo klabu ya vijana wa Republican ya New York imekuwa ikiwakaribisha wanasiasa wa AfD kwa heshima. Hivyo vijana wa Ujerumani wanaogombana nyumbani, kila upande una marafiki wake ng'ambo ya bahari.

Na mifuko nayo imetikisika. Mapema 2025 serikali ya Marekani ilizuia fedha za taasisi za demokrasia, na IRI ikalazimika kuwarudisha nyumbani wafanyakazi wake wengi. Marekani ilikuwa chini ya Republican wenyewe. Programu za vijana barani Afrika, kwa vyama vya kila rangi, zilizokuwa zikitegemea mfuko huo zilijikuta hazina pa kushika.

Sasa CHADEMA inafanya nini humo? Mwanzilishi wake, Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania, alijiuzulu uwaziri wa fedha mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Chama kilizaliwa na watu walioamini soko. Sera yake ya majimbo, ya kushusha madaraka kutoka Dodoma na Dar es Salaam kwenda kwa wananchi, inakaribiana na fundisho la Wakristo-demokrasia kwamba jambo linaloweza kuamuliwa chini lisipandishwe juu. Kwa hiyo undugu upo, ila ni wa uchumi na mgawanyo wa madaraka. Kulinda mfumo uliopo hakumo. Wa kwetu anayelinda mfumo ana familia nyingine: CCM na vyama vingine vitano vya ukombozi vina shule ya uongozi ya Mwalimu Nyerere, Kibaha, iliyofunguliwa 2022 kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China, na makada vijana wa vyama sita wanakutanishwa pale kwa sababu zilezile ambazo Bildt alikutanishwa na wenzake.

Sheria zetu zinaijua hali hii. Kenya, sheria ya vyama ya mwaka 2011 inaruhusu chama cha nje chenye itikadi moja na chama cha Kenya kutoa msaada wa kitaalamu, lakini si mali. Tanzania, mabadiliko ya 2019 yanamtaka yeyote, wa ndani au wa nje, anayetaka kutoa mafunzo kwa chama amwarifu Msajili siku 30 kabla. Ya Kenya naiona ina busara: imechora mstari kati ya maarifa na fedha. Yetu imempa ofisa mmoja uwezo wa kuzuia semina ya kujifunza kuhesabu kura.

Agosti 2024 vijana wa BAVICHA, jumuiya ya vijana ya CHADEMA, walikuwa safarini kwenda Mbeya kuadhimisha siku ya vijana duniani. Polisi walizuia mkutano na kuwakamata watu 520, kwa hesabu ya polisi wenyewe, pamoja na viongozi wa chama. Mabasi yalisimamishwa barabarani, vijana wakashushwa. Siku kama ile tamko kutoka Berlin au London halifungui mlango wa selo. Linachoweza kufanya ni kingine: mtu wa mbali aliyewahi kukaa na kijana huyo kwenye semina anamjua kwa jina na chama chake, anajua pia nani wa kumpigia simu kwenye wizara yake ya mambo ya nje, na asubuhi inayofuata anaanza kuuliza yuko wapi.